Tangi Lililonguruma Mbele ya Mama Mkwe

Ofisini, Mkaguzi wa mifereji alikuwa mtu wa kuogopwa. Ramani yako ya nyumba ikiwa na bomba la maji machafu lisilo na njia ya akiba, basi imekula kwako: rudi ukachore upya. Wapo waliopata mvi wakisubiri sahihi yake. Nyumbani hakuna aliyemwogopa. Mkewe alikuwa na televisheni yake, zulia lake na msimamo wake, na samaki watatu wekundu ndio viumbe pekee waliotulia Mkaguzi akiwasemesha. Aliwapenda, jamani, tena sana.

Tangi la kwanza la samaki hao alilitoboa mwenyewe kwa drili ili maji yapate pa kutokea. Kioo kikapasuka, na zulia likanuka wiki nzima. Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu, "Tone moja tena la hao samaki wako kwenye zulia langu, wanahamia kwa kaka yangu." Kaka mtu, yaani shemeji yake Mkaguzi, ndiye yule ambaye kasuku wake alikufa kwa kiu na paka wake akahama kwa hiari. Mkaguzi alikosa usingizi.

Kwa hiyo tangi la pili hakuligusa kwa drili. Alikata mabomba ya plastiki kwa msumeno, akayaunga kwa elbo, vile viungo vya kona, na gundi, akapata bomba lililopanda juu ya ukingo wa tangi na kushuka nje hadi kwenye ndoo ya kuchujia iliyojificha chini ya meza ya tangi. Ndani ya tangi, karibu na ukingo, alibandika kikopo, ili bomba livute maji yanayofurika kikoponi tu, lisije likawaacha samaki wakavu. Akafyonza hewa kwa mdomo, akameza funda zima la maji ya samaki, na maji yakaanza kujivuta yenyewe. Pampu ya ndooni ikayarudisha juu. Mkaguzi alivimba kichwa. Njia ya akiba hakuweka. Sheria hiyo ilikuwa ya watu wengine.

Kasoro ilikuwa moja: bomba lilinguruma. Liliguna, likanyamaza, kisha likatoa mlio mrefu wa tumbo lenye njaa.

Jumapili mama mkwe akaja kuwatembelea, ameletwa na shemeji, na shemeji amebeba ndoo tupu yenye mfuniko. "Huwezi kujua," alisema huku akicheka. Mkaguzi alikuwa ameshalifunika tangi kwa shuka na kuweka kiti chake mbele yake kabisa, ili habari za samaki zisitajwe siku hiyo. Chai ilipomiminwa tu, bomba likanguruma.

Mama mkwe akamwangalia kwa huruma. "Mkwe wangu, umekula kweli leo?"

"Nimekula, mama. Hao ni samaki," ilimponyoka.

"Ohoo! Walikuwa wameoza? Samaki si wa kuchezea, baba."

Shemeji akaficha uso kwenye kikombe. Bomba likaguna tena, refu na la uchungu, na mama mkwe akasogeza sahani ya vitafunio mbali na mgonjwa.

Alipotoka kwenda kunawa mikono, Mkaguzi aliingiza mkono chini ya meza ya tangi akasokomeza leso yake kwenye mdomo wa bomba. Aliacha upenyo wa maji kupita, akaupima kwa jicho, jicho lile lile la ofisini. Kimya kikatanda. Akajiegemeza kitini, raha mustarehe.

Mama mkwe aliporudi akaanza kueleza ugomvi wa mpaka wa kiwanja cha ukoo, tangu chanzo chake. Mama mkwe akizungumza, mkwe hainuki. Leso nayo, huko chini, ikavimba ikaziba kila kitu, na pampu ikaendelea kusukuma maji juu kwa bidii. Mkaguzi akasikia tone nyuma ya kisogo chake. Swichi ya pampu ilikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mama mkwe, na ni mkwe gani atakayenyoosha mkono hapo?

Maji yakateremka na shuka, yakaingia kitini, yakalowesha suruali yake, yakatokeza katikati ya viatu vyake na kutambaa kwenye zulia.

Mama mkwe akakatisha habari ya kiwanja. Akatazama maji, akatazama suruali, akageuzia uso wake ukutani upesi.

"Mwanangu," akamnong'oneza bintiye, "mumeo ameanza lini hali hii?"

Mke akaitazama ile shuka, iliyolowa kuanzia juu. Akaelewa mara moja. Shemeji naye akaelewa, akafungua mfuniko wa ndoo. "Mama, hayo maji ni ya—"

"Ni yangu!" alisema Mkaguzi. Aibu ilimwunguza masikio, lakini alikuwa akimfikiria kasuku. "Ni mimi, mama. Ni ugonjwa. Nilikuwa nauficha."

Mtu huyu hakuwahi kukiri hata nukta iliyokosewa.

Mkewe alimkazia macho, midomo ikimcheza. Kisha akamnyang'anya kaka yake ndoo. "Ndivyo alivyo siku hizi, mama. Namvumilia tu," alisema, akapiga magoti na kuanza kukamua zulia, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokibana.

Wiki iliyofuata mama mkwe alituma mpira mpana wa kutandika kitandani, pamoja na salamu kwamba mwanamume asione haya. Mke akautandika chini ya tangi. Mkaguzi akaongeza bomba la pili, la akiba, na samaki wote watatu wapo. Mama mkwe akija, humchagulia Mkaguzi kiti cha karibu na choo, naye hukikalia na kusema ahsante.