Sauti ya Matairi Kwenye Kokoto

Nati ya mwisho ya gurudumu la mbele ilikuwa imeng'ang'ania, nami nilikuwa nimesimama juu ya mpini wa spana kwa mguu mmoja, nimeshika ukingo wa boneti, najipa uzito ambao sina.

"Shuka," alisema Mzee Upepo. "Utateguka nyonga kabla nati haijalegea."

"Inakuja, mzee."

"Inakuja kama mgeni aliyesema yuko njiani. Shuka, uigonge kwanza."

Nilishuka. Niliigonga nati kwa nyundo ndogo, taratibu, kila upande, kisha nikarudi kwenye spana. Ikalia mara moja, ikalegea. Mzee Upepo aliisukuma jeki chini ya gari kwa ncha ya kiatu. Yeye ndiye fundi wa matairi aliyelihudumia gari hili tangu lilipokuwa la baba, na walikuwa marafiki kiasi kwamba mama humwita shemeji. Jina la Upepo alipewa na baba, kwa sababu ya pampu yake. Ni yeye aliyenifundisha kulegeza nati gurudumu likiwa bado chini, ndipo niinue. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza. Kazi yangu hasa ni kushona mapazia.

Gari ni la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Likienda polepole, injini hulala kabisa na umeme ndio unaolibeba. Baba alipolileta nyumbani majirani waliliita gari la mzimu, maana lilikuwa linafika bila kusikika. Mama ndiye aliyegundua kwamba linasikika. Ua wetu umemwagwa kokoto kutoka getini hadi barazani, na injini ikinyamaza, kinachobaki ni matairi tu yakipita juu ya kokoto, sauti laini kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Mama alikuwa akiisikia, anasema "Umefika?" bila kuacha anachokifanya, na baba anajibu "Nimefika" akiwa bado garini, kioo kimeshushwa. Ukiwa mezani unafanya kazi za shule, ukisikia maneno hayo mawili unajua siku imefungwa vizuri.

Baba hayupo tena. Gari naliendesha mimi. Macho ya mama yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu, na kila nikiingia getini husimama kidogo na kusikiliza mpaka kokoto zinyamaze. Hasemi kitu. Mimi pia sikuwahi kumuuliza.

Lakini matairi yalikuwa yamebaki vipara. Mvua ya juzi, nikimpeleka mama kwa daktari wa macho, gari liliteleza kwenye kona likaenda upande wa mtaro kama sahani iliyopakwa sabuni. Hatukuumia. Jioni nilimwambia lazima tubadilishe matairi, naye akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Badilisha, mwanangu. Ila hayo ndiyo yaliyobaki ya kumsikia."

Baada ya hapo ningefanya nini? Nilimwomba Mzee Upepo anitafutie matairi ya aina ileile iliyotoka na gari kiwandani. Alinitafutia. Ila alileta na aina nyingine, bila kuombwa, na sasa aina zote mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani chini ya dirisha la jikoni. Nilikuwa nimeziandika kwa chaki yangu ya kushonea: K kwa ya kiwandani, M kwa mengine.

"Hebu nyanyua moja moja," alisema.

Nilinyanyua K. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotegemea. Nilipolinyanyua M mgongo ulinijulisha.

"Unaona? Hilo la kiwandani wamelipunguza uzito makusudi. Linabingirika bila kusukumwa sana, betri haichoki, petroli inakaa. Na halina kelele. Ni kama kiatu cha bibi harusi."

"Na hili?"

"Hilo ni kiatu cha kwenda shambani. Meno yake ni marefu, maji yanapata pa kupita, kwenye mvua linashika barabara. Litakunywa mafuta zaidi kidogo, na litavuma kidogo. Ila litakaa. Kiatu cha bibi harusi ukikitembelea kwenye njia zetu hizi, unarudi peku."

"Lakini mzee, unajua kwa nini nataka ya kiwandani."

"Najua."

"Mama anataka sauti ileile."

Mzee Upepo aliinua gari kwa jeki, nikachomoa gurudumu, nikalilaza kwenye kokoto. Kisha akachuchumaa, akalipangusa ubavuni kwa kitambaa, akanionyesha tarakimu nne zilizochapwa ndani ya kiduara.

"Soma hapo. Mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka."

Nilisoma. Nikarudia. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto, maana mwaka ambao baba alilileta gari ninaukumbuka vizuri. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho shuleni. Tairi lilikuwa na umri mdogo kuliko gari. Gari lilikuwa limeshatembea miaka mitatu kabla tairi halijazaliwa.

"Haya si ya kiwandani," nilisema.

"Si ya kiwandani. Niliyafunga mimi."

"Baba alikuwa akisema gari hili halijaguswa."

"Baba yako alinifunga mdomo." Alikaa juu ya gurudumu, akajipangusa mikono ingawa haikuwa na kitu. "Mama yako alimtania kwamba akibadilisha chochote kwenye gari hili, hata skrubu, yeye atajua kwa masikio tu. Baba yako akasema hutajua. Basi, yale ya kiwandani yakaisha, na kipindi hicho ya aina ile hayapatikani popote. Akasubiri mama yako aende kumuuguza dada yake. Wewe ulikuwa chuoni. Nikaja hapa na aina tatu. Nafunga, natoka na gari getini, naingia polepole, nafungua, nafunga nyingine. Kutwa nzima."

"Na yeye?"

"Yeye alikaa sebuleni, kwenye kiti cha mama yako, amefumba macho. Nikiingia ananipigia kelele dirishani: hapana, hilo linanung'unika. Hapana, hilo linakoroma. Aina ya tatu akanyamaza. Nikaingia ndani nikadhani amelala. Akaniambia, hilo hilo, Upepo, hilo ndilo lenyewe."

Nilicheka, kisha nikaona siwezi kuendelea kucheka. Nilimwona baba kwenye kile kiti chenye mto wa maua, magoti yamempanda, macho ameyafumba kwa bidii kama anayesubiri sindano.

"Basi niletee aina hiyo," nilisema.

"Waliacha kuitengeneza. Nimetafuta. Unadhani nilichelewa wiki nzima nikifanya nini?"

Kwa hiyo yale ya K niliyoyahangaikia yangeleta sauti ya mwanzo, ambayo mama hajaisikia miaka mingi, na yale ya M yangeleta sauti ambayo hajawahi kuisikia kabisa. Ile aliyokuwa akisimama kuisikiliza ilikuwa imelala kwenye kokoto mbele yangu, imeisha meno.

"Usimwambie," nilimnong'oneza.

"Shemeji Upepo," ilisema sauti ya mama juu yetu, "dirisha hili linasikia kila kitu."

Tuliinua vichwa. Alikuwa amesimama jikoni, viwiko kwenye kizingiti cha dirisha, uso umeelekea getini.

"Shemeji," Mzee Upepo alianza, "mimi nilikuwa natumwa tu."

"Najua ulikuwa unatumwa. Nilijua siku niliyorudi. Aliingia getini jioni, nikasema moyoni, huyu amebadilisha matairi."

"Alijaribu aina tatu," nilisema. "Alikaa kwenye kiti chako."

"Ndipo alipokosea. Mimi nilikaa lini kwenye kile kiti saa za yeye kurudi? Saa hizo nilikuwa hapa, jikoni. Sebuleni pazia zito na zulia vinameza sauti. Hapa inapiga ukuta wa tangi la maji, inarudi kali." Alitabasamu peke yake. "Hayakufanana hata kidogo. Yale ya kwanza yalikuwa kama mchele. Haya yalikuwa kama choroko."

"Mbona hukumwambia?"

"Alishuka garini anajivuna kama jogoo. Ananitazama jicho la pembeni, anangoja niseme. Nikamwambia umefika, akasema nimefika. Nikamwachia ashinde."

Mzee Upepo alitazama chini akaanza kuokota nati, moja moja, akiziweka ndani ya kofia yake.

"Mwanzoni yaliniudhi," mama aliendelea. "Kila jioni nadhani ni mgeni. Halafu siku moja nikaacha kudhani. Ikawa ndiyo sauti yake." Akauelekeza uso kwetu. "Yapi kati ya hayo yanashika barabara kwenye mvua?"

"Haya mazito, mama. Lakini yatavuma."

"Yavume. Mimi nilikuwa ndani ya gari juzi, nawe ulikuwa kwenye usukani. Nilifikiri nitakupoteza na wewe, nibaki sina wa kumsikia akiingia getini. Funga hayo."

Tulifunga mawili ya mbele, na Mzee Upepo akayapima upepo mara mbili, kama kawaida yake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya tangi. Alipoanza kusogeza jeki nyuma ya gari, mama alisema, "Ya nyuma yaacheni hadi kesho, shemeji. Leo nataka niyasikie yote pamoja."

Mzee Upepo alinigeukia. "Toka getini, geuza, rudi. Usifike barabarani na hayo ya nyuma."

Niliendesha polepole ili injini isiamke. Niligeuza mbele ya geti la jirani, nikashusha kioo, nikaingia. Kokoto zilikwaruza mbele kwa sauti nzito, na nyuma yake ikaja ile nyingine, laini zaidi, ikififia. Nilisimama mahali baba alipokuwa akisimama. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na kivuli cha mama hakikusogea kwa muda.

"Umefika?" aliuliza.

Nilitoa kichwa dirishani, bado niko garini.

"Nimefika, mama."

Mzee Upepo aliiacha jeki palepale, akayaviringisha matairi mawili ya M hadi barazani yasilale nje, akayafunika kwa kipande cha pazia. Akasema atakuja asubuhi, baada ya chai.