Mseja wa Miaka Hamsini na Tisa

Nazih Tarabay, ambaye mji mzima wa Ain Sharqiya ulimwita Mbrazili, alikuwa ameishi Brazili miaka minne tu, na mingi kati ya hiyo aliimaliza akiwa bado na nepi. Baba yake alikwenda huko kuuza vitambaa, biashara ikaenda mrama, akarudi Bonde la Bekaa, Lebanon, na mke, cherehani mbili na mtoto huyo aliyezaliwa kule. Lakini kuzaliwa ni kuzaliwa. Nazih akakua na pasipoti ya ng'ambo, na huko Ain Sharqiya mwenye pasipoti ya ng'ambo hupewa kiti cha mbele hata msibani.

Kireno chake kilikuwa maneno kama thelathini hivi, mengi ya chakula, yaliyobaki ya kumtukana refa. Yalimtosha. Alikuwa na duka la vyombo vya nyumbani, na humo, katikati ya masufuria na mabirika, aliendesha ofisi nyingine isiyo na kibao. Kila mwenye asili ya kule alipotaka kujaza fomu alikuja kwake, na Nazih alivaa miwani, akaisoma fomu ambayo haielewi, akatoa ushauri. Uchaguzi wa Lebanon ulipokaribia ndipo alipokuwa mkali zaidi.

"Huko kwetu kura ni lazima," aliwaambia wateja. "Ukikaa nyumbani siku ya kura, serikali inakuuliza. Nyinyi hapa hamwendi kupiga kura mpaka mjaziwe petroli. Halafu mnashangaa umeme hakuna."

Wateja walitikisa vichwa, wakalipia birika, wakaondoka wakijiona washamba.

Wasichokijua ni kwamba pasipoti yenyewe ilikuwa imekwisha muda miaka kumi na moja iliyopita, bila kuvuka mpaka hata mmoja. Ilikaa kabatini chini ya shuka za wageni. Mkewe Ibtisam ndiye aliyejua, maana shuka ni zake.

Mwaka huo mambo ya mpakani yalichafuka, na kila mwenye kitabu cha ng'ambo akakitoa kukiangalia tarehe. Asubuhi moja Ibtisam akammiminia kahawa na, akimwita kwa jina la mtoto wao mkubwa, akasema, "Abu Wajdi, Fawwaz jirani ameshapata miadi ubalozini. Umm Rami ana miadi wiki hii. Wewe profesa wa fomu, miadi yako lini?"

"Mimi sihitaji haraka. Wananijua."

"Nani anakujua?"

Nazih akanywa kahawa. Mchana akaomba miadi.

Walivuka mlima kwenda Beirut na gari lao, Ibtisam amevaa koti lake la sherehe na kubeba mikate ya zaatari, ile ya majani makavu na ufuta, kwa sababu alishasikia kwamba pale watu hukaa wakingoja. Ukumbini walikuta nusu ya Ain Sharqiya. Fawwaz alikuwa amekaa na faili safi mapajani. Umm Rami, mjane ambaye Nazih alimjazia fomu yake mara mbili na mara zote mbili ikarudishwa, alikuwa kiti cha nyuma.

"Kumbe na wewe umekuja," Fawwaz akasema.

"Nimekuja kuwaangalia kama mmejaza sawasawa," Nazih akajibu.

Namba yake ikaitwa. Dirishani alikaa msichana mwenye nywele fupi, jina lake Larissa, na alimsemesha kwa Kireno. Nazih akachagua neno lake bora kuliko yote, la kushukuru. Yule msichana akamtazama, akarudia swali polepole. Nazih akashukuru tena, safari hii kwa tabasamu.

Larissa akahamia Kiarabu, tena cha Zahle kabisa, mji wa bondeni kwao. "Mjomba, nimekuuliza kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa lolote."

"Hapana. Bado."

Akaandika, akageukia kompyuta. "Hujawahi kupiga kura."

"Mwaka huu sijapiga, kweli."

"Hujawahi kabisa. Hata kujiandikisha hujajiandikisha. Bila hilo pasipoti haitoki."

Nyuma yake kiti kililia. Umm Rami alikuwa amesogea ili asikie vizuri. "Abu Wajdi, si ulituambia mtu asiyepiga kura serikali inamuuliza?"

"Basi si unaona inaniuliza," Nazih akasema bila kugeuka.

Hilo, Larissa alisema, ni dogo, atajiandikisha na kulipa faini ambayo haifiki hata bei ya sandwichi. Kisha kalamu yake ikasimama katikati ya fomu. "Umeandika umeoa."

"Nimeoa. Huyu hapa." Nazih akamwonyesha Ibtisam, aliyesimama pembeni na mkoba wake kama mtu anayepigwa picha.

"Kwetu hujaoa. Ndoa haijawahi kusajiliwa, kwa hiyo kwenye kumbukumbu wewe ni mseja." Akaeleza kwa upole kwamba njia ziko mbili. Anaweza kuleta hati ya ndoa kutoka mahakama ya sharia, itafsiriwe, isajiliwe, kisha ndipo aombe pasipoti kama mtu aliyeoa, na hapo ahesabu miezi. Au leo aandike mseja, ndoa aishughulikie baadaye, na pasipoti aipate baada ya wiki tatu.

Mtu mwingine angemtazama mkewe. Nazih alimtazama Fawwaz. Fawwaz alikuwa ameshapewa risiti yake na anaikunja taratibu, kwa raha. Nazih akaona duka lake, akaona wateja wakivuka barabara na fomu zao kwenda kwa Fawwaz.

"Kwa sasa," akasema, akikohoa kidogo, "andika mseja."

Ibtisam alikwenda kukaa kiti cha mbali, akafungua mikate ya zaatari, akampa Umm Rami mmoja na kula mwenyewe ule mwingine.

Njiani Nazih aliongea peke yake mpaka Shtaura, chini ya mlima. Walipofika nyumbani, Ibtisam akahamishia mto wake na redio yake chumba cha binti yao, aliyeolewa mjini Saida. Saa ya chakula Nazih akakuta trei nje ya mlango wa chumba chake, imefunikwa kwa kitambaa, kibe nne za nyama na ngano na bakuli la mtindi, kama anavyopelekewa fundi.

"Ibtisam, hii nini?"

"Chakula chako, Bwana Nazih."

"Bwana Nazih tena?"

"Nikuiteje? Mimi mwanamke wa heshima zake. Nimejikuta nyumba moja na mwanamume asiyeoa, tena mgeni, raia wa Brazili. Watu watasema nini?"

"Ile karatasi tu."

"Ndiyo. Na pasipoti ni nini, siyo karatasi?"

Siku ya tatu aligonga mlango wa binti yao akiuliza soksi zake ziko wapi. Ibtisam akamjibu kutoka ndani kwamba mambo ya soksi za wanaume wa watu yeye hayajui. Siku ya tano habari ilikuwa imefika kwa kinyozi, na kinyozi akamuuliza, akimnyoa shingo, kama sasa atapunguza masharubu au ataacha hivyo hivyo, maana wachumba siku hizi wana mambo yao.

Nazih akaenda kwa shangazi yake Hind, aliyeishi Brazili miaka thelathini, anakijua Kireno kama dua zake, na hakuna aliyewahi kumsikia akikitaja. Hind alicheka mpaka akavua miwani.

"Wanawake wa kule wangekutoa nje na begi," akasema. "Huyu anakuletea trei. Nenda kwa kaka yake kabla trei haijakatika."

Kaka yake Ibtisam alikuwa Adib, mwalimu mstaafu, na ndiye aliyehifadhi hati za familia, ile ya ndoa ikiwamo. Nazih alifika na kilo mbili za vitamutamu vya baklawa. Adib akampokea sebule ya wageni, ile isiyofunguliwa mpaka kuwe na jambo, akakaa wima.

"Karibu. Umekuja kwa neno gani?"

"Adib, shemeji, nipe hati niende zangu."

"Sisi bado hatujawa mashemeji. Dada yangu ameniambia nikuhoji. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa."

"Umechelewa kidogo, lakini sawa. Kazi?"

"Duka la vyombo. Birika la nyumba hii umelinunua kwangu, kwa mkopo."

"Mali nyingine?"

Nazih, kwa mazoea ya miaka yote, akajibu, "Nina pasipoti."

"Iko wapi?"

"Haijatoka."

Adib akala kipande cha baklawa, akakitafuna mpaka kikaisha. Kisha akasema kwamba Ibtisam hadai dhahabu wala nguo. Anachotaka ni kimoja. Mbele ya wageni, Nazih asiseme tena "mke wangu hajui mambo ya ng'ambo." Maneno hayo amekuwa akiyasikia miaka thelathini na miwili akiwa jikoni, mikono kwenye unga.

Nazih alijaribu kukumbuka ni lini alisema hivyo mara ya mwisho, akakumbuka ilikuwa Ijumaa iliyopita.

"Nimekubali," akasema, na sauti yake haikuwa ya dukani.

Wiki ya tatu walivuka mlima tena, hati imekwisha kutafsiriwa. Ibtisam alikaa kiti cha mbele lakini mkoba aliuweka katikati yao. Larissa akampa Nazih pasipoti yake mpya. Picha ilimwonyesha kama mtu aliyekamatwa. Kisha akapokea hati ya ndoa, akaisoma tarehe.

"Hongereni," akasema, na akauliza, akiandika, "Watoto?"

"Watatu," Ibtisam akajibu. "Mkubwa Wajdi."

"Nao wana pasipoti zetu?"

"Hapana, binti yangu. Wamezaliwa hapa. Baba yao alisema aliyezaliwa hapa hana haki."

Larissa akainua kichwa. "Mtoto wa Mbrazili anasajiliwa hapahapa, shangazi, popote alipozaliwa. Hata wakubwa. Yule bwana wa faili, Fawwaz wa mjini kwenu, amewasajili wake wote zamani."

Ibtisam akamshukuru, akaomba orodha ya vinavyotakiwa, akaikunja na kuitia kifuani. Wajdi alikuwa mhandisi. Miaka sita alikuwa akiuza simu Zahle na kupanga foleni kwenye balozi za watu akitafuta viza, amekataliwa mara nne, na mara ya mwisho alirudi nyumbani akalala siku mbili.

Kwenye ngazi za nje Ibtisam akatoa simu, akampigia Wajdi, akamweleza yote bila kuongeza neno. Nazih alisimama ngazi mbili chini yake, pasipoti mkononi, funguo za gari mkono wa pili.

"Anauliza kama uko karibu," Ibtisam akasema. "Anataka kuongea na wewe."

Nazih akatazama barabara. "Mwambie naendesha gari."

Ibtisam akamnyooshea simu, akabaki amemnyooshea hivyo hivyo, mpaka Nazih akaipokea.