Nusu ya Mshahara

Mumbua alipoyataja mablanketi kwa mara ya pili juma lile, Nzau alikata simu, akajikung'uta vumbi, akaenda dukani kununua mablanketi mawili mapya. Alichagua mazito ya kijivu, yasiyoonyesha uchafu upesi, akayafunga kwenye gunia na kulipa yasafirishwe hadi Ndithini. Alishinda siku nzima akijiona mwana mwema. Mkewe hakuwa ameomba blanketi lolote. Alikuwa amesema tu, kwa sauti ileile ambayo angetajia bei ya sukari, "Blanketi za mzee nafua kila siku siku hizi." Nzau akasikia kwamba mablanketi hayatoshi, kwa kuwa upungufu wa kitu kinachouzwa dukani ndio aliojua kuuziba. Mzigo ulifika nyumbani kesho yake.

Alikuwa fundi wa mitambo ya kusaga kokoto kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya. Mshahara wake ulikuwa elfu sitini kwa mwezi, na kwa watu wa Ndithini huo ulikuwa mshahara wa kumfanya mtu aitwe meza ya mbele kwenye harambee. Upande wake wa pili hawakuuona: chumba cha kupanga Athi River ambacho dirisha lake halikufunguliwa kwa sababu ya vumbi, kikohozi kilichomwamsha kabla ya jogoo, na mke aliyemfahamu zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Mwisho wa mwezi alifika nyumbani, akala kuku, akakagua mahindi, akaondoka Jumapili kabla watu hawajatoka kanisani. Binti yake Kalondu, aliyekuwa shule ya bweni, alimwita "mgeni wetu". Ulikuwa utani, lakini ulimchoma.

Mwaka uliotangulia, baba yake, Mzee Mulwa, alipigwa na kiharusi kilichoua upande wake wote wa kulia. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Dada zake Nzau walikuwa wameolewa mbali, na hata wangekuwa karibu, binti hamvui baba yake nguo. Ikawa binamu yake, Bonface, ndiye anayekuja kila asubuhi kumwogesha mzee, kumgeuza na kumbadilisha, kwa ujira ambao Nzau alituma bila kuchelewa. Mumbua alipika. Chakula alikiweka juu ya kigoda mlangoni, Bonface akakiingiza ndani.

Mgeni angedhani wanachukiana. Hata kidogo. Ilikuwa nthoni, ile haya ya Wakamba inayomweka mke wa mtu mbali na baba mkwe wake. Tangu aolewe, Mumbua hakuwahi kuketi kwenye kiti alichokikalia mzee, wala kulitamka jina lake, wala kukanyaga chumba anacholala. Mzee naye, enzi za afya yake, alikohoa kila alipokaribia jikoni ili ampe nafasi ya kujitengeneza. Walizungumza ua ukiwa kati yao, yeye akiangalia chini, mzee akiangalia ng'ombe, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemkwaza mwenzake hata kwa neno. Kuna mapenzi ambayo hayasogeleani, na hayo yalikuwa mojawapo. Mzee alipenda kuwaambia wageni, akihakikisha Mumbua anasikia, kwamba mwanawe hakumletea nyumbani mke wa mtoto bali binti.

Kisha Bonface akapata kazi ya ulinzi Thika.

"Ameenda jana," Mumbua alisema kwenye simu.

"Nitatuma pesa. Tafuta mtu mwingine."

"Nitajaribu, Baba Kalondu."

Wa kwanza aliyepatikana alikuja mara mbili, kisha akasema kazi ile si ya mwanamume mwenye watoto. Wa pili aliomba malipo mapema, akayanywa. Mumbua aliyaeleza hayo kwa kifupi, naye Nzau akaongeza ujira. Siku ambazo hakukuwa na mtu, jirani wa kiume aliyetokea kupita ndiye aliyeingiza chakula na kutoa blanketi za kufuliwa.

Ni katika siku hizo ndipo alipopigiwa simu na Abdihakim, mfanyabiashara wa mifugo wa Matuu. Abdihakim alikuwa na zizi kubwa la kunenepeshea ng'ombe na visima vya kuchimbwa kwa mashine, na Nzau aliwahi kumtengenezea pampu wakati wa likizo.

"Nataka fundi wa kukaa," Abdihakim alisema. "Pampu, jenereta, mashine ya kusaga chakula ya ng'ombe. Zote ziko chini yako."

"Mshahara?"

"Elfu thelathini."

Nzau alicheka kwa heshima. "Hiyo ni nusu, ndugu yangu. Hapa niko na sitini."

"Najua. Mimi sina sitini. Lakini nimesikia mzee wako ni mgonjwa. Kutoka huku ni pikipiki tu, jioni uko nyumbani."

"Nipatie arobaini na tano, nikuje kesho."

"Wacha niongee na kaka yangu, hii biashara ni yetu wawili. Lakini na wewe fikiria, Nzau. Usikae sana."

Akakaa. Kila jioni alijilaza kitandani na viatu miguuni, akapima. Kodi ya chumba ingeondoka, chakula cha hotelini kingeondoka, pengine hata dawa za kifua. Lakini karo ya Kalondu haikuwa na nusu, na mkopo wa ile nyumba ya mawe aliyoianza haukujali kama anayelipa yuko Lukenya au Matuu. Juu ya hayo kulikuwa na jambo ambalo hakulitamka hata akiwa peke yake: kwao, mtu anayerudi nyumbani kula nusu ya alichokuwa akila ni mtu aliyeshindwa na maisha. Aliwaza watakavyomsalimia sokoni, kwa upole uliopita kiasi. Mwanamume mzima, mwenye baba aliyelala chali, alikuwa anaogopa salamu za sokoni! Alilijua hilo, akaona haya, na bado hakupiga simu.

Alimuuliza mkewe maoni yake.

"Wewe ndiye unajua mambo ya pesa," Mumbua alijibu. Baadaye akaongeza polepole, "Mimi ningependa ukuje nyumbani."

"Na karo ya Kalondu?"

Kwenye simu kikasikika kifuniko cha sufuria kikirudishwa.

"Mzee anaendeleaje?" Nzau akauliza.

"Anakula."

Nzau alifurahi kusikia hivyo. Angeuliza zaidi, lakini angemuulizaje mkewe habari za mwili wa baba yake? Aliomba simu ifikishwe kwa mzee. Ikapelekwa na jirani aliyekuwa akipita, na Mzee Mulwa akasema kwa ulimi wake mzito kwamba yuko sawa, afanye kazi. Nzau akaona kwamba mambo yanaweza kungoja hadi atakapofika mwisho wa mwezi. Abdihakim naye alituma ujumbe kuwa kaka yake bado anafikiria. Kila mmoja alikuwa anafikiria.

Alhamisi moja Mumbua alipiga simu katikati ya zamu, jambo asilolizoea. Mtambo ulikuwa unanguruma, Nzau akaziba sikio moja kwa kiganja.

"Njoo," mkewe alisema, akakata.

Alimkuta ameketi jikoni, moto umezimika. Hakuinuka kumpokea mfuko.

"Nimemwogesha," alisema.

Nzau hakuelewa mara moja. "Nani?"

"Baba yako." Sauti yake ilikuwa kavu. "Harufu ilikuwa inafika hadi hapa. Usiku nilikuwa namsikia akilia, akifikiri tumelala. Jana nilizunguka kwa majirani kutafuta mwanaume, wote walikuwa wameenda mazishi. Nikachemsha maji. Nikakaa nayo hapa mpaka ikapoa, nikachemsha tena. Halafu nikaingia."

"Mumbua."

"Ngoja nimalize. Aliniambia nitoke. Nikakataa. Akanishika mkono na ule mkono wake mzima, akanisihi, akataja mama yenu. Sikutoka. Nikamvua nguo, Baba Kalondu. Mgongo wake umeoza. Kuna mahali mfupa unaonekana. Nikamwosha kila mahali, hakuna pahali sikuona, na yeye alikuwa amefunga macho kama mtoto anayechapwa. Tangu hiyo saa hajaonja chakula yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo Mumbua aliinua uso, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Nzau kuona hasira kamili machoni pa mkewe.

"Nilikwambia. Nilikwambia nafua blanketi kila siku. Nilikwambia Bonface ameenda. Nilikwambia ukuje. Ulitaka niseme nini? Nitaje mwili wa baba mkwe wangu kwa simu, na wewe uko pale na wanaume wa mawe?"

Nzau aliuweka mfuko chini. Alikumbuka yale mablanketi na jinsi alivyojisifu moyoni, akatamani ardhi immeze.

Chumbani, Mzee Mulwa alikuwa ameugeukia ukuta. Vidonda vilikuwa vimesafishwa vizuri na kufungwa kwa bandeji za zahanati, kazi ya mtu aliyefanya kwa uangalifu mkubwa huku akitetemeka; mafundo mengine yalikuwa yamelegea, mengine yamekazwa mno. Nzau alimwita. Mzee hakugeuka. Alipomshika bega, alihisi mifupa chini ya shati, na bega lile likajikunja kama linaloogopa mkono. Basi mwana akalia waziwazi, mbele ya baba yake, kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Baba hakumwambia anyamaze.

Alitoka akasimama kando ya zizi, akampigia Abdihakim.

"Naichukua kazi. Kwa hiyo thelathini."

"Kaka yangu hajanijibu bado. Wewe si ulisema thelathini haitoshi?"

"Inatosha."

"Imeanza kutosha lini, Nzau?"

Abdihakim, aliyekuwa mtu wa utu, hakuuliza tena. Alimwambia aje Jumatatu, na kama mzee hatakuwa amepata nafuu, aje siku atakayoweza.

Hivyo ndivyo Nzau alivyorudi nyumbani. Alfajiri alimwogesha baba yake, akamgeuza, akamlisha uji, kisha akapanda pikipiki kwenda Matuu. Jioni akarudi kumbadilisha tena. Mchana kijana wa Musili, jirani yao, kwa malipo kidogo, alimpa mzee maji na kumgeuza. Kalondu alihamishwa shule ya kutwa, akanuna kwa siku chache, kisha akazoea. Aliyemkopesha alikubali kupunguza malipo ya kila mwezi baada ya kubembelezwa. Sokoni watu walimsalimia kwa ule upole aliouogopa, na wiki iliyofuata walikuwa wamekwisha kupata mtu mwingine wa kumwonea huruma. Kikohozi kilimwacha. Alikunywa maziwa ya ng'ombe wake, akalala usingizi wa kweli, akajua kwamba mkewe hucheka akiwa amelala. Maisha ya nusu mshahara yalikuwa mema kuliko alivyotarajia, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwa sababu yangekuwa mema vilevile tangu siku ile Abdihakim alipopiga simu.

Vidonda vikaanza kufunga. Mzee akaanza kula, lakini kwa mkono wa Nzau tu, na kwanza akiuliza nani amepika. Nzau alijifunza kudanganya kwamba amepika mwenyewe. Mumbua, kwa upande wake, hakukaribia tena upande ule wa ua. Kuteka maji alipitia nyuma ya ghala, njia ndefu yenye miiba, na walipokutana na Nzau huko alijifanya anatafuta mayai.

Jumapili moja, baada ya kumwogesha, Nzau aliketi kitandani kwa baba yake.

"Baba, naweza kuleta mbuzi," alisema. "Tuchinje kama ilivyokuwa zamani, hii aibu iondoke. Mrudi vile mlikuwa."

Mzee alipapasa blanketi kwa mkono wake mzima.

"Huyo mbuzi," alisema hatimaye, akilisukuma kila neno, "atafanya iwe kama hakuniona?"

Nzau aliinamisha kichwa.

"Mwambie nashukuru. Ningekufa hapa na funza. Alifanya kazi yako, na alifanya vizuri. Umwambie hivyo hivyo." Alipumzika, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Halafu umwambie asinisalimie tena. Wala asipite mbele yangu, mpaka nizikwe. Sina uso wa kumwangalia nao."

Mwana alimfunika vizuri, akainuka. Alitaka kuteta, alitaka kusema kwamba kosa ni lake na adhabu inampata mwingine, lakini mzee alikuwa amekwisha kufumba macho.

Mumbua alikuwa jikoni akichagua ndengu kwenye ungo. Alikuwa ameona mumewe alivyokaa ndani kwa muda mrefu, na alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kanisani, ingawa misa ilikuwa imekwisha tangu asubuhi.

"Mmeongea?" aliuliza.

"Tumeongea."

"Alisema nini?"

Nzau aliegemea mlango. Nje kuku walikuwa wanaparua, na ng'ambo ya ua dirisha la mzee lilikuwa wazi.

"Alisema anakushukuru," akajibu. "Alisema ulifanya kazi yangu, na ulifanya vizuri."

Mumbua aliacha kuchagua ndengu. Alimjua mumewe, na zaidi ya hapo alimjua mzee. Akauweka ungo chini, akakunja mikono mapajani, akangoja amalizie.