Difu ya Gari la Marehemu

Gari la marehemu baba yake lilimzidi seremala umri, na kila Jumanne lilimwaibisha mbele ya mama yake. Siku hiyo humpeleka hospitali kutibiwa magoti. Wakirudi na mvua imenyesha, gari hufika katikati ya kilima cha nyumbani likagoma. Gurudumu moja la nyuma huzunguka bure na kurusha tope, lenzake limetulia tuli kana kwamba halihusiki. Mama hushuka, akavua viatu, akapanda kilima kwa magoti yale yale mabovu.

"Dawa yake ni difu ya kubana," alisema fundi wa gereji. "Difu ndiyo inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma. Hii ya kawaida inaipeleka kwa gurudumu linaloteleza, maana ndilo jepesi kuzungusha. Ya kubana inayalazimisha yote mawili yafanye kazi."

Fundi rangi, aliyekuwa akipiga msasa gari la pili, aliruka kama aliyetukanwa. "Usithubutu, kaka! Ekseli za kizee hizo zitakatika. Na kwenye lami yenye maji, magurudumu yote mawili yakiteleza pamoja, mkia utakutangulia. Tena halitakuwa gari la mzee. Litakuwa vyuma tu."

Neno hilo la mwisho lilimchoma seremala. Baba yake, siku mbili kabla ya kukata roho, alimshika mkono akamwambia, "Usibadilishe kitu, mwanangu. Liko vile vile lilivyotoka kiwandani." Naye akaahidi.

Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse seremala. Fundi wa gereji akisema, anakubali. Fundi rangi akijibu, anakubali zaidi. Wiki ile aliranda mlango wa mteja huku akiwaza difu, hata mlango ukawa mdogo kuliko fremu yake.

Jumanne alipitia gereji pamoja na mama. Fundi akalipandisha gari kwa jeki, akafungua kifuniko cha difu, akamulika tochi.

"Hii si ya gari hili," alisema. "Ni ya pikapu. Na ilifungwa humu miaka mingi iliyopita."

Fundi rangi naye akainama, akachungulia, akarudi kwenye msasa wake.

"Haiwezekani," alisema seremala. "Baba alisema..."

"Baba yako alisema!" Mama alicheka hadi kiti cha plastiki kikalia. "Hiyo aliibadilisha wewe unatambaa. Baadaye injini. Halafu milango miwili ya kushoto, alipogonga ukuta."

"Sasa mbona alinidanganya?"

"Alipenda kutia chumvi, Mungu amrehemu. Akishasema jambo mara tatu, yeye mwenyewe analiamini."

Seremala alichanganyikiwa kuliko alivyokuja. Alimkasirikia marehemu, na papo hapo akamtamani arudi walau dakika tano, amuulize. Ahadi aliyoibeba miaka minne ilikuwa ya gari gani?

"Mama, kumbe alitaka nisibadilishe nini?"

"Sijui, mwanangu. Labda aliogopa utaliuza." Mama aliyasugua magoti yake, na kicheko kikamwisha. "Mimi siku alipokuja kunichukua na gari hilihili, aliniahidi kwamba sitakanyaga tope tena. Wewe hujazaliwa bado. Mimi ndiye niliyeahidiwa kwanza."

Seremala alitazama miguu ya mama yake, kisha akamgeukia fundi.

"Ifunge hiyo ya kubana."