Anayepokea Nguo za Baba

Jirani muuza mkaa anashikilia kwamba yeye ndiye wa kwanza kumwona marehemu, amesimama kwenye foleni ya zahanati nyuma ya mama yake, na gauni lake la njano.

"Nikamwambia, we mtoto, si umekufa? Hebu wapishe wanaoumwa. Akanijibu, shikamoo bibi."

Mama alikuwa amembeba Kidoti, mdogo wa marehemu. Tumbo lilimkata Kidoti mpaka akajikunja, choo hapati, rangi imempauka. Dawa ya minyoo alishapewa mara mbili. Dada yake naye alipewa hiyohiyo msimu wa mvua uliopita, mpaka siku aliyozikwa.

Daktari akambonyeza Kidoti. "Minyoo tu hii," akasema.

"Na mimi tumbo linaniuma vilevile," dada mtu akasema.

Daktari hana upendeleo. Akampandisha kitandani, akambonyeza, akamfunua mdomo. Kwenye ufizi, pale meno yanapoanzia, palikuwa na mstari wa buluu, mwembamba kama uzi. Akamfunua na Kidoti. Uzi uleule.

"Baba yao anafanya kazi gani?"

"Anayeyusha betri kuukuu za magari."

"Nguo zake unazifulia wapi?"

"Kwenye beseni," mama akasema. Nyumbani beseni ni moja: asubuhi nguo za baba, jioni kuogesha watoto.

"Basi ni vumbi la risasi, ile ya ndani ya betri," daktari akasema. Kidoti akaandikiwa kwenda hospitali kubwa. Dada mtu akaambiwa, "Wewe umechelewa, mwanangu," akashuka kitandani mwenyewe.

Kidoti alitibiwa, sasa yuko kwa shangazi yake, anakula na kugombana na wenzake. Baba aliagizwa aoge na kubadili nguo hukohuko kazini. Kazini hakuna bomba. Alipoliomba, bosi alicheka: "Na manukato je, nikuletee?" Kazi nyingine hajapata.

Kwa hiyo kila jioni marehemu humsubiri mlangoni.

"Nipe mimi, baba. Mama asishike. Mimi vumbi halinidhuru tena."

Huzipokea nguo, akazitia kwenye beseni lililotengwa, akanawa mikono. Muuza mkaa anasema ana adabu kuliko watoto wengi walio hai.

Jana alibaki amelikumbatia shati.

"Baba, mwombe tena bosi hilo bomba. Watoto wa wenzako wameanza kuja kwetu makaburini."

Baba alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu. Akaendelea kuzifungua.