Wodi Sebuleni

Mshonaji aliigonga betri kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayenunua chungu, akatega sikio. Haikusema kitu. Kibandiko cha ubavuni kilikuwa kimekwanguliwa, na gundi iliyobaki ilikuwa imeshika vumbi.

"Mama, huu ni mtumba wa daraja la kwanza," alisema fundi wa sola. "Nimeipima mwenyewe. Ina nguvu kuliko mimi."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya watu. Nilinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu."

Hakuuliza zaidi. Mumewe alikuwa amelala chumbani na mirija puani, akipumua kwa mashine ya oksijeni, na betri ya zamani ilikuwa ikizimika kabla chakula cha jioni hakijaiva. Mfa maji haishi kutapatapa.

Fundi aliifunga siku hiyo hiyo. Giza lilipoanza kuingia, mshonaji aliwasha taa ya sebuleni. Chumbani mashine ikanguruma vizuri, na kwenye kochi akawa yupo mwanamke mwenye uchungu, amekamata mguu wa meza. Mkunga mwenye aproni ya plastiki alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Dada, hebu sogeza hiyo cherehani," alisema mkunga. "Inanizibia mwanga."

Aliisogeza. Akabandika maji ya moto, maana mgeni hafukuzwi akiwa katikati ya kazi. Alizaliwa mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Asubuhi kochi lilikuwa tupu na kavu.

"Nani alikuwa analia?" mumewe aliuliza.

"Wageni. Wamekuja na betri."

"Wakaribie," alisema mumewe, akageukia ukutani.

Wakawa wanakuja kila jioni. Siku moja, akinawa mikono, mkunga alieleza kwamba betri ilikuwa ya wodi ya wazazi pale zahanati. Ilibebwa mchana kweupe, wakaambiwa inakwenda kutengenezwa. "Sisi tunaufuata mwanga wetu," alisema. Hakulaumu mtu, na hilo ndilo lililomuuma mshonaji.

Alikwenda kumwona mkuu wa zahanati. Ofisini kwake feni ilikuwa inazunguka taratibu. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huduma inaendelea?"

"Inaendelea, mzee. Sebuleni kwangu."

"Basi hatuna upungufu," alisema mkuu, akamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea na kumsindikiza hadi mlangoni.

Likaja wingu, likakaa. Paneli zilishinda juu ya bati bila kuona jua, na jioni taa ikaanza kufifia. Chumbani mashine ilianza kulia ule mlio wake wa kuonya kwamba umeme unakatika. Mkunga alikuwa ameshakipata kichwa cha mtoto. Alimtazama mshonaji, na mshonaji akautazama mlango wa chumbani.

"Dada," alisema mkunga, "dakika chache tu."

Mumewe hakuwa na dakika chache. Mshonaji alizima taa.

Mashine ikatulia, ikaendelea na kazi. Gizani alimsikia mkunga akipapasa, akasikia beseni likigonga sakafu, kisha mwanamke akiuliza mbona halii. Mshonaji alibaki amesimama, mkono ungali kwenye swichi. Alitaka kulia, lakini kilichokuja ni ganzi, ikaanzia vidoleni ikapanda hadi begani.

Asubuhi mumewe aliamka na njaa, akaomba uji. Alimpikia, akamnywesha, akampangusa kidevu. Kisha akaenda kwa fundi.

"Moja haitoshi," alisema.

Fundi alivuta nyingine kutoka chini ya turubai. Hii nayo ilikuwa imekwanguliwa kibandiko. Mshonaji aliigonga, akatega sikio.

"Hii ilikuwa ya wapi?"

"Ya watu, mama."

"Watu gani?"

Fundi alijikuna shingo. "Shule. Wale wanaojisomea jioni."

Mshonaji aliipanga sebule yake kichwani. Kochi lingebaki kwa wazazi. Cherehani ingehamia jikoni.

"Madawati wanakuja nayo," aliuliza, "au niwatandikie mkeka?"