Bamba la Lori la Theluji

Kwa miaka kumi na tisa Lorna Pruitt aliendesha lori la jimbo la kusukuma theluji kwenye mlima wa Tanner. Novemba hii jimbo hilohilo lilimfungia leseni. Sababu ilikuwa deni la dola mia moja na arobaini, karo ambayo hakuilipa chuo cha jimbo alipokatiza masomo akiwa msichana; riba na ada ya mawakili wa kukusanya madeni vilikuwa vimelifikisha mia sita na kumi na moja. Mwaka mmoja tu ulibaki apate pensheni, na dereva asiye na leseni hufutwa kazi baada ya siku thelathini.

Aliwalipa mawakili, akaenda na risiti ofisi ya madeni ya jimbo.

"Tutaijulisha idara ya magari," alisema karani, Dwight Haskell, bila kuinua macho. "Siku arobaini na tano."

"Nitakuwa nimeshafukuzwa. Hakuna njia ya haraka?"

"Bibie, kila mtu ana haraka."

"Hilo lori ninaloendesha unajua ni la nani?"

"Hapa hatushughuliki na malori."

"Ni lenu. Wewe unakaa wapi?"

"Tanner, juu kabisa. Kwani vipi?"

"Basi nunua koleo la kuchotea theluji."

Haskell alicheka, kicheko cha mtu ambaye mshahara wake haujawahi kuchelewa.

Siku ya ishirini na sita theluji ilianguka, ikafika kiunoni. Dereva wa muda alilitumbukiza lori mtaroni kwenye kona ya kwanza, akarudi kwa miguu. Asubuhi ya pili simu ya Lorna ililia.

"Bibi Pruitt? Haskell hapa. Leseni yako imefunguliwa."

"Siku arobaini na tano zimeisha?"

"Kuna fomu ya dharura. Nimeijaza hapa nyumbani, kwenye kompyuta. Dakika nne tu."

"Ilikuwepo siku ile nilipokuja?"

Haskell alikohoa. "Mke wangu ana miadi hospitali saa sita, mama. Tafadhali."

Lorna alilitoa lori mtaroni na kuisafisha barabara yote ya mlima kabla ya saa tano. Lori husukuma theluji pembeni kwa bamba la chuma lililo mbele yake, na theluji hiyo huziba njia za kuingilia majumbani. Dereva muungwana huinua bamba kidogo akipita mbele ya nyumba ya mtu. Hiyo ni hisani, haimo katika kanuni yoyote. Aliliinua kwenye nyumba thelathini na nane. Mbele ya ile ya thelathini na tisa, Haskell alikuwa amesimama na sinia ya kuokea mkononi, akichota theluji.

Koleo hakununua. Lorna alilishusha bamba mpaka chini, akapita kwa mujibu wa kanuni.